Re: Ng'ombe wa Kenya dhidi ya Afrika Mashariki, mbona mstari unaruka?

Ndugu, umeuliza kama kweli, jinsi mstari wa grafu yako unavyoruka, ng'ombe wa Kenya waliongezeka ghafla mwaka 2009 kuliko wa ukanda mzima. Hapana. Mwaka ule ndipo sensa ya watu ilipouliza na mifugo kwa mara ya kwanza, wakapatikana ng'ombe milioni 17.5. Kabla ya hapo yalikuwa makadirio ya maofisa wa wilaya. Namkumbuka karani amekaa kwenye kigoda pale bomani kwetu, dodoso magotini, akisubiri mzee ataje idadi. Kwa mfugaji hilo si swali dogo! Kwa hiyo usiunganishe kabla na baada ya 2009 kwa mstari mmoja.

Pili, toa Kenya kwenye jumla ya ukanda, la sivyo unailinganisha na nafsi yake. Na angalia 2012: takwimu za FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) zinaiweka Sudan Kusini Afrika Mashariki, wakati Sudan ya zamani, kabla ya kugawanyika, ilikuwa Afrika Kaskazini. Mamilioni ya ng'ombe "walihamia" kwenye jedwali bila ndama hata mmoja kuzaliwa.

Ukishasafisha hayo, fanya mwaka wako wa kwanza kuwa 100 kwa pande zote mbili (gawa idadi ya kila mwaka kwa ile ya mwaka wa kwanza, kisha zidisha kwa 100), ndipo uchore.