Re: Mt. Yosefu Dar, ni 1897 au 1902?

Mkuu, miaka yote miwili ni sahihi: ujenzi wa Kanisa Kuu la Mt. Yosefu, Dar es Salaam, ulianza 1897, ukaisha 1902. Waliojenga ni watawa Wabenediktini wa St. Ottilien, Wajerumani. Usianzie historia yako hapo lakini. Anzia Pugu, karibu na Dar, ambako misheni yao ya kwanza ilishambuliwa Januari 1889.

Wengi hukosea kwa kuwapa Wakapuchini, shirika jingine la watawa, sifa ya ujenzi. Wakapuchini hao, wa Uswisi, walikuja 1921, Wajerumani wakiwa wameshaondolewa kutokana na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Pia usiandike "Jimbo Kuu" kabla ya 1953; mwaka 1902 lilifanywa vikarieti ya kitume, yaani eneo la misheni ambalo bado si jimbo kamili.

Kwa habari za waumini wenyewe, tafuta vitabu vya ubatizo. Nenda ofisi ya parokia na barua ya paroko wako, ukitaja mwaka na jina la ubatizo. Vya zamani vimeandikwa Kilatini: Josephus ni Yosefu, na "filius" ni mtoto wa kiume. Soma hadi pembeni mwa ukurasa, maana ndoa huongezwa pale, na hapo ndipo wengi hupitwa. Usitegemee majina ya ukoo, mara nyingi hayapo. Linganisha jina la baba na la msimamizi wa ubatizo.