Sungura kanenepa, nimfungishe siku mbili?

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Nkuhungu hapa Dodoma, tunaye sungura dume mweupe macho mekundu, wanangu wanamuita Tajiri, ana kama miaka miwili na nusu hivi. Jumapili tumempeleka dukani kwa Mangi tukampima kasoma kilo 5 na nusu, na kila mgeni akija anasema huyu sasa anafaa sufuria, watoto wanalia. Anakula pumba za mahindi asubuhi na jioni bakuli zima, ugali ukibaki anapewa, mkate, karoti, ndizi, na zabibu msimu ukifika. Majani anapata tukiyaona, maana sa hivi kila kitu kimekauka. Akilala anajimwaga chini kama unga wa chapati ulozidi maji, alafu huko nyuma ananuka, manyoya yameshikana na mavi. Jirani kasema nimfungishe siku mbili kila wiki anywe maji tu mafuta yatakatika. Nifanye hivo? — Mama Tajiri, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimfungishe! Hata siku moja usijaribu, na huyo jirani mwambie kwa upole kwamba sungura hafungi.

Iko hivi, tumbo la sungura linatakiwa litembee muda wote, mchana na usiku, likikosa kitu cha kusukuma linasimama, gesi inajaa, anaumwa, na akiumwa ndo hataki kula kabisa. Sasa kwa aliyenenepa ni mbaya mara mbili, kwa sababu asipokula mwili unaanza kuyavuta yale mafuta kwa kasi, yanajazana kwenye ini, ini linazidiwa, na hapo kumrudisha ni kazi kweli kweli. Mi mwenyewe nilishawahi kuwa na jike nene hivyo hivyo, nikaenda msibani Kondoa, niliyemwachia akajisahau siku mbili. Nimerudi nimemkuta kajikunyata kwenye kona ya banda, namuwekea mchunga mbichi puani anaunusa anageuza shingo. Kesho yake asubuhi alikuwa keshakufa. Kwa hiyo kuanzia leo ukiona Tajiri kapitisha masaa 12 mfululizo hajagusa chakula na hajaacha mavi, usingoje kupambazuke vizuri, mbebe mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Tuje kwenye unene wenyewe. Kilo 5 na nusu peke yake haisemi kitu mpaka ujue ni mbegu gani. Kwa ulivyomuelezea anafanana na New Zealand White, na dume la hiyo mbegu likikomaa linakaa kwenye kilo 4 mpaka 5 hivi, kwa hiyo wako kavuka ila sio kwamba kapotea. Ila hapa kwetu wengi ni machotara, mwingine ana damu ya Flemish Giant, huyo kilo 6 kwake ni mwili wa kawaida tu. Ndo maana mi siamini macho wala mzani, naamini mkono. Manyoya yanadanganya sana.

Mkalishe chini ametulia, pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Kisha fanya hivi kwenye mkono wako mwenyewe: kunja ngumi upapase vifundo, mbavu zikiwa hivyo huyo kakonda. Nyoosha vidole upapase mgongo wa kiganja, unasikia mifupa lakini imefunikwa vizuri, hapo ndo panapotakiwa. Geuza kiganja ubonyeze ile nyama chini ya dole gumba, kama mbavu za Tajiri unazitafuta namna hiyo mpaka ubonyeze, basi kanenepa. Pitisha na uti wa mgongo mpaka kiunoni, usikie vijifupa vya mviringo. Ukikuta mtelemko tu laini kama mto wa kulalia, jibu umepata.

Na hiyo harufu ya nyuma isikupite, kwangu mi ndo kubwa kuliko hata kilo. Sungura ana mavi ya aina mbili, yale makavu ya duara, na mengine laini yanayong'aa yameshikana kama kichane kidogo cha zabibu, haya anayala mwenyewe moja kwa moja kutoka nyuma, ni chakula chake, usimkataze wala usione kinyaa. Sasa mwenye tumbo kubwa hafiki huko nyuma, kwa hiyo yanabaki yanagandamana, nzi wanakuja wanataga, na kwa joto hili la Dodoma mayai yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja tu na wanaanza kula nyama mzima mzima. Mkague asubuhi na jioni, osha sehemu ile tu kwa maji ya vuguvugu ukaushe na kitambaa, usimzamishe mwili mzima kwenye beseni, atapata mshtuko. Ukiona funza hata mmoja ni hospitali siku hiyo hiyo. Mtazame na nyayo za nyuma pia, mzito akikaa kwenye sakafu ngumu au waya manyoya ya kisigino yanaisha anapata vidonda, mtandikie nyasi.

Chakula sasa. Tatizo lenu ni hilo bakuli la pumba, pamoja na ugali na mkate. Hiyo ni wanga, nguvu nyingi kwa mnyama anayekaa kwenye banda hana shamba la kulima. Punguza taratibu, wiki ya kwanza toa robo, ya pili nusu, mpaka wiki ya tatu au ya nne imebaki kiganja kimoja au hamna kabisa, maana dume mzima ambaye hapandishi akipata nyasi nzuri hana shida na pumba. Usikate ghafla, tumbo linachafuka. Mkate, biskuti na ugali hizo acha leo. Karoti watu wameaminishwa na katuni, ina sukari ile, kipande kama kidole chako kidogo mara mbili kwa wiki inatosha, na ndizi vivyo hivyo. Zabibu punje moja tu wanao wamfurahie. Na majani ya mzabibu anayala ila mashamba mengi yanapigwa dawa za ukungu, kama huna uhakika achana nayo.

Nafasi ya pumba iingie nyasi, na nyasi ziwe nyingi, yani rundo kubwa kama mwili wake mwenyewe kila siku, asimalize. Umesema kumekauka, ndio, lakini nyasi kavu ndo hasa anachotaka! Watu wa ng'ombe wanauza marobota ya hei, robota moja kwa sungura mmoja linakaa muda mrefu, cha msingi ulipasue ulinuse, liwe na harufu ya nyasi, ukikutana na vumbi la ukungu rudisha. Za kijani mpe mchunga, majani ya matembele kiasi, na nyasi za kandokando ya shamba sio za kandokando ya barabara. Alfalfa (majani ya malisho, sio mti wa lusina) waachie watoto wa sungura na wenye mimba, kwa mzima inanenepesha na ina kalisiamu nyingi.

Alafu mtoeni. Jua likishashuka, saa 11 na nusu hivi, afunguliwe uani akimbie masaa mawili matatu, mtoto mmoja akae naye kwa ajili ya mbwa na paka. Mchana wa jua usimsumbue, sungura hatoi jasho, anapunguza joto kwa masikio, na mwenye mafuta anazidiwa haraka, muwekee kivuli na chupa ya maji baridi ajiegemeze.

Mpime kila Jumapili kwa mzani ule ule na kapu lile lile, utoe uzito wa kapu. Akipungua gramu 50 mpaka 100 kwa wiki mnakwenda vizuri. Ikizidi hapo umebana sana, ongeza majani. Itachukua miezi, usichoke.

SWALI: Anti mambo, sungura jike wangu ana kama mfuko wa ngozi chini ya kidevu unaning'inia, ni mafuta? Na juzi kaanza kujing'oa manyoya kifuani. — Kijana wa Manyoni

JIBU: Poa kijana. Huo mfuko ni wa kawaida kwa majike waliokomaa, sio ugonjwa. Uwe mkubwa kupita kiasi mpaka unaloa kila akinywa maji, hapo ndo unene na ngozi inaweza kuchubuka, badilisha bakuli uweke chupa. Ila hilo la kung'oa manyoya, mwanangu, anatandika kiota. Mimba ya sungura ni siku 30 mpaka 32, kumbuka vizuri mwezi uliopita alikaa na nani, maana kama mliuziwa pamoja na "dada yake", inawezekana kabisa huyo ni kaka. Mpe sanduku lenye nyasi leo leo, na habari za kumpunguza uzito ziahirishe mpaka aachishe watoto. Kama hajakutana na dume kabisa basi ni mimba ya uongo, inapita yenyewe baada ya wiki mbili tatu.

SWALI: Wangu anakula sana lakini uti wa mgongo unachoma kama msumeno, tumbo tu ndo kubwa. — Ihumwa

JIBU: Huyo asipunguzwe chochote. Mfungue mdomo uangalie meno ya mbele, yanakua milimita 2 mpaka 3 kwa wiki, yakipishana anahangaika na chakula hakiingii, utaona kidevu kimelowa mate. Usiyakate na koleo, yanapasuka mpaka kwenye mzizi. Yakiwa sawa, chukua mavi kidogo kwenye kikopo safi upeleke kwa daktari wa mifugo apime minyoo na koksidia (vijidudu vya kwenye utumbo), na umwambie unalisha nini kwa siku.