Muulize Mwalimu: Kaja mwanafunzi mgeni na hasemi neno, nifanyeje?

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa walimu wenzetu, na karibu zote ni jambo moja, watoto waliohamia Mombasa juzijuzi kutoka nchi nyingine. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nahisi wengi mko hapo hapo.

*Salaam aleikum mwalimu. Mie nafundisha Gredi ya 4 shule ya serikali huku Kisauni, darasa limejaa hadi mlangoni. Mwanzo wa temu nimeletewa mvulana wa miaka 10, familia yao imetoka Yemen. Hasemi kitu, si Kiswahili si Kiingereza, anakaa ananitizama tu. Mtihani wa hesabu kapata 2 kati ya 20. Mwalimu mkuu ashanambia nimshushe Gredi ya 1 akaanze upya na wale wadogo. Moyo wangu haukubali lakini sina hoja. Ticha wa Kisauni*

Waleikum salaam mwalimu mwenzangu. Hoja unayo, tena huenda iko kwenye hiyo karatasi ya hesabu, itoe uitizame tena. Mtoto aliyeanzia shule Yemen kazoea tarakimu za Kiarabu, na zile haziandikwi kama hizi zetu. Tano yao ni kiduara, ukipita haraka utasema ni sifuri. Sifuri yao ni nukta. Sita yao inafanana na saba yetu, na saba yao iko kama herufi V. Sasa mtoto akikuandikia hamsini wewe unaona sifuri na kinukta mbele yake, unapiga kosa, naye anabaki anaitizama ile alama nyekundu hajui kakosea wapi, maana jibu ni sahihi. Mpelekee karatasi ustadh yeyote wa madrasa hapo mtaani, hukosi, akusomee muisahihishe upya pamoja. Sikuahidi kwamba itafika 20 ila utajua mtoto anajua nini, na bila kujua hilo huwezi kusema ni wa gredi gani.

Halafu mpe hesabu tupu zisizo na maneno, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, mwanzo rahisi halafu unapandisha mpaka akwame. Yale maswali ya Juma kaenda sokoni na shilingi mia yaweke kando kwa sasa, kwa mtoto huyu yale yanapima lugha tu. Mtizame pia anavyofungua daftari, akianzia upande wa nyuma usimgombeze, alikotoka huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mwekee alama ndogo ya pale pa kuanzia, basi.

Kumshusha mimi nakataa kabisa. Mtoto wa miaka 10 ukimkalisha na wa miaka 6 anaona aibu kila siku ya Mungu, rafiki wa rika lake hapati, na hesabu alizokwisha kuzijua anafundishwa tena kuhesabu vifuniko vya soda. Mwisho wake anaacha shule. Mwambie mwalimu mkuu mtoto abaki Gredi ya 4, ila kila siku aende nusu saa kwa mwalimu wa Gredi ya 1 akasome herufi na silabi kisha arudi darasani kwake. Hapo kapata msingi na heshima yake iko.

Na kile kimya usikiogope. Watoto wengi wakiingia kwenye lugha mpya hunyamaza kwanza, wengine wiki kadhaa wengine miezi, na muda wote huo wanasikiliza na kuokota. Ukimsimamisha asome kwa sauti mbele ya darasa zima ndio unamfunga mdomo zaidi. Muache aitikie na wenzake, shairi la pamoja, wimbo, kuhesabu kwa pamoja, sauti yake ikijificha ndani ya sauti za wengine atajaribu. Maswali muulize ya kujibu kwa kidole au kwa kitendo, nionyeshe, chora, panga, ipi kubwa. Lugha ikishatoka utaipata kidogo kidogo.

Kuna jambo moja walimu wengi hawaambiwi. Jim Cummins, msomi wa Kanada, tangu miaka ya 1970 amekuwa akitofautisha lugha ya kuchezea na lugha ya kusomea. Ya kuchezea mtoto huipata ndani ya kama miaka 2 hivi tangu aanze kuisikia, ile ya kusomea, ya vitabu na mitihani, huchukua miaka 5 hadi 7. Kwa hivyo baada ya kama miaka miwili utamsikia huyu mvulana anabishana mpira uwanjani kama mtoto wa Kisauni kabisa, halafu sayansi anafeli, na watu watasema sasa lugha anajua, ni uvivu tu. Si uvivu, bado yuko njiani. Na hapa kwetu mzigo ni mara mbili, uwanjani ni Kiswahili na kuanzia Gredi ya 4 masomo ni kwa Kiingereza, yaani anajifunza lugha mbili kwa mpigo mwaka ule ule.

Mpe jirani wa deski mwenye subira, sio lazima awe namba moja darasani, wale namba moja wengine huwa na haraka wakamfanyia kila kitu. Wabadilishe baada ya wiki mbili tatu ili asichoke mmoja. Nyumbani waambie wazazi waendelee na Kiarabu chao, wamsomee, wamsimulie, wasikiache, maana mtoto anaeielewa dhana kwa lugha ya mamake kuipeleka kwenye lugha nyingine ni kazi ndogo. Na kama ana Qur'ani nzuri mpe nafasi gwaride la Ijumaa asome, akikubali mwenyewe, shule nzima isikie kwamba huyu ana sauti.

Mambo ya vita msimuulize mbele za watu. Akishtuka mlango ukibamizwa au kengele ikipigwa ghafla, mkalishe karibu nawe na umuonyeshe mapema kwamba kengele inakuja. Ikizidi, halali, analia, ongea na wazazi apelekwe hospitali akaonane na mshauri, hilo si la mwalimu peke yake.

*Mwalimu, nina msichana katoka Goma, Kongo. Yeye Kiswahili anakijua lakini akisema tu darasa zima linacheka na siku hizi kanyamaza. Likoni*

Cheko hilo likomeshe leo, na likomeshe kwa kufundisha. Waambie Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa kule Kongo, na mamilioni ya watu Goma, Bukavu na Lubumbashi wanakizungumza kwa namna yao. Yeye akisema "batoto" si kosa la ujinga, ndivyo kwao. Kisha waulize hao hao wanaocheka nyumbani bibi zao wanasemaje, wanasema "njoo" ya kitabuni au "ndoo" ya Kimvita? Watanyamaza wenyewe. Kwenye insha mfundishe Kiswahili sanifu kama unavyowafundisha wote, maana wa Likoni pia wanakosea. Na hesabu zake zitizame vizuri, kule wanasoma kwa mtindo wa Kifaransa, desimali huandikwa kwa mkato, 2,5 badala ya 2.5, na kwenye kugawanya kile kigawanyi hukaa upande wa kulia. Jibu ni lile lile, usimkate maksi.

*Mimi naandikisha wanafunzi wapya shuleni kwetu Majengo. Kaja mama kutoka Somalia na watoto wawili, hana vyeti vya kuzaliwa wala ripoti za shule. Nimeambiwa nimrudishe. Ni sawa?*

Si sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, kila mtoto, haikusema wa Kenya peke yake. Kenya pia imo kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na kwa elimu ya msingi mkataba huo unataka mkimbizi atendewe sawa na raia. Najua mfumo wa kusajili unadai namba ya cheti cha kuzaliwa na bila hiyo mnakwama, lakini hilo ni la kupeleka afisi ya elimu ya kaunti ndogo, kwa barua ya mwalimu mkuu na fotokopi ya karatasi zozote alizo nazo mama, za ukimbizi, kadi ya kliniki, chochote chenye jina na umri. Kama hawajajiandikisha ukimbizi muelekeze Idara ya Huduma za Wakimbizi. Huku mkisubiri watoto wakae darasani, wasikae nyumbani.

Muulize pia wanatoka sehemu gani ya Somalia. Wakiwa wa Barawa utashangaa, wale wana Chimiini, Kiswahili cha kwao, na wazee wa hapa wanawakumbuka walivyokuja kwa mashua miaka ya 1990 wakakaa kambi za wakimbizi. Wakiwa wa Kisomali kitupu tafuta mtu mzima wa kutafsiri, jirani au mzazi mwingine hapo shuleni. Usimtumie mwanawe mkubwa, kuna mambo mama hawezi kuyasema mdomoni mwa mtoto wake.