Dada wa Japani na magitaa yao

Swali: Mambo Anko, mdogo wangu anacheki sana katuni ya Bleach, kuna wimbo wa mwanzo wanaimba madada na magitaa yanalia balaa, ni kina nani hao na kuna wengine kama wao?

Jibu: Poa mwanangu. Kama ni madada watupu basi itakuwa SCANDAL na "Shoujo S" ya 2009, walianza 2006 Osaka wakiwa bado wanafunzi, wanne tu, na mwanzoni walikuwa wanapanda stejini na yunifomu kabisa. Ila usiishie hapo. Tafuta "Diamonds" ya Princess Princess, 1989, ndo singo iliyouza kuliko zote Japani mwaka ule, na namba mbili ilikuwa yao pia, yaani walijifuata wenyewe! Maneno ya "Diamonds" aliandika mpiga gitaa wao Kanako Nakayama, muziki akaweka mwimbaji Kaori Okui, hawakutungiwa na mtu. Walivunja bendi 1996 wakarudi 2012 kuchangisha hela za waathirika wa tetemeko na tsunami ya 2011. Mi naupenda huo wimbo kuliko wa SCANDAL, uzee labda. Ukitaka fujo zaidi sikiliza "Thrill" ya Band-Maid, wamevaa kama mahausigeli halafu ngoma zinapigwa hadi spika ya simu inakwaruza, weka hedifoni.