Kusawazisha kabureta za pikipiki nyumbani

SWALI: Mhariri, Honda CB400 Super Four yangu, yenye silinda nne, hutetemeka sana ikiwa imesimama huku injini ikinguruma. Je, naweza kusawazisha kabureta mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza kuzisawazisha, yaani kuzifanya zote nne zivute hewa kwa usawa, ila usianze na kabureta. Kwanza hakikisha kwamba uwazi wa vali umepimwa, plagi ni nzima na mipira inayounganisha kabureta na injini haijapasuka, kwani hewa inayopenya hapo huzifanya geji za mvuto wa hewa (vipimo vya jinsi kila silinda inavyovuta hewa) zidanganye.

Pasha injini moto mahali penye hewa, izime, ondoa tanki, ning'iniza chupa ndogo ya petroli ya kulisha kabureta badala ya tanki, mbali na ekzosi, kisha unganisha geji nne, moja kwa kila silinda, na uwashe tena. Utaona skrubu tatu tu katikati ya kabureta nne: kabureta isiyo na skrubu ndiyo kipimo, nazo nyingine hufuatishwa nayo. Zungusha kidogo sana, ondoa bisibisi (uzito wake pekee hubadilisha usomaji), piga resi mara moja, ngoja mishale itulie, ndipo usome. Skrubu za mchanganyiko wa hewa na mafuta usiziguse kabisa.