Nilichekwa kwa Sababu ya Willy Gamba

Jumanne usiku, saa sita kasoro, simu ikatetemeka. "Baba Imani, umeniharibia usingizi. Kitabu hakiwekeki chini na kesho niko kazini saa mbili." Nikacheka peke yangu jikoni. Huyu ndiye mama wa klabu yetu ya vitabu aliyeniuliza mwaka 2019, mbele ya watu wanane, kama nimekosa riwaya hadi nawaletea vitabu vya shule.

Kitabu chenyewe ni Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974. Siku ile nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Tulikutana Buruburu kwa mmoja wetu, chai mezani, nami nikahutubu dakika ishirini nzima: riwaya ya kijasusi ya Kiswahili ilivyokua, Musiba, kisha Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango, yote. Nilipomaliza, jamaa mmoja akauliza kama karatasi ya maswali iko tayari. Waliangua kicheko hadi mwenye nyumba akatoka chumbani. Wakachagua riwaya ya Kimarekani iliyokuwa kwenye kila duka mjini. Kicheko kile bado nakisikia matatu ikipita pale.

Lakini kosa lilikuwa langu. Mkenya aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alikutana na riwaya ya Kiswahili kalamu mkononi: jadili maudhui, eleza sifa za mhusika, taja tamathali. Mtihani ukiisha, vitabu hivyo anavigawa au vinafungiwa maandazi. Nami nikamjia na mhadhara!

Safari hii sikusifu chochote. Nilichukua nakala yangu kuukuu, jalada limechanika, niliyoinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya, nikaisahau mezani kwa mama yule. Makusudi, ndiyo. Alipouliza nikamjibu kwa sentensi moja: mpelelezi wa Tanzania, Willy Gamba, anakuja Nairobi hii yetu kusaka karatasi za siri za wapigania uhuru, zimeibwa. Nikanyamaza.

"Nairobi?" akasema.

Hapo ndipo nilipomnasa. Mtu amezoea kukimbizwa London na New York. Hajawahi kufikiria kwamba risasi zinaweza kulia kwenye mji anaopandia matatu. Habari za Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, nilikaa nazo mpaka alipouliza mwenyewe kwa nini karatasi tu ziue watu.

Na kasoro nilimtajia mapema: Willy Gamba anajipenda kupita kiasi, na wanawake wake wengi wamewekwa kupamba ukurasa. Msomaji mchaguzi ukimficha kasoro ataitafuta hadi aipate, halafu atakudharau wewe pamoja na kitabu. Sema kidogo. Mpe kitabu mkononi, usimtumie orodha. Sema kidogo, narudia, kwa sababu nawajua wapenda vitabu wenzangu: tunatangaza riwaya kama wahubiri wa bustani ya Jeevanjee, kisha tunashangaa watu wakipita zao.

Asubuhi hii ameniandikia tena, anataka Kikosi cha Kisasi, kingine cha Musiba. Ninacho, kiko kabatini. Nimemwambia aje akichukue mkutano wa mwezi ujao, mbele ya wale wanane.