Kabla ya kumlipia mzee daraja la biashara, uliza atashukaje ngazi

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Baba ana miaka 74, goti halimruhusu kukaa kwa muda mrefu, anakwenda Boston kwa kaka yako kupitia Ulaya, na mnataka kuchanga ili apande daraja la biashara. Kati ya ndege ya kwanza na ya pili kuna saa 1 na dakika 20. Waliokujibu wamezungumzia vitanda na vyakula. Mimi nakuomba uanze na hizo dakika 80, kwa sababu za aina hiyo ndizo zilizotuumiza sisi.

Mwaka juzi nilimsindikiza mama kutoka Nairobi hadi Toronto, kwa dada yangu. Alikuwa amewekewa goti bandia miezi mitano kabla, na daktari alituonya kwamba asikae saa nyingi mguu ukiwa umekunjwa. Tuko watoto wanne. Tulichanga mpaka tukapata tiketi mbili za daraja la biashara, kila moja zaidi ya shilingi laki nne, na kaka yetu mkubwa aliuza ng'ombe wawili. Nalitaja hilo ili ujue kwamba kwetu zile hazikuwa pesa za starehe. Tulikuwa tunanunua mahali pa kunyoosha mguu.

Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, mambo yalikwenda sawa. Kule mwanzo abiria wanaposhuka garini kukaguliwa, mlinzi alimruhusu mama abaki ndani, na kijana aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu alimwita "shosho" na kumfikisha mpaka langoni. Tuliketi pale tukingoja ndege ya saa sita kasoro dakika kumi usiku. Hapo ndipo tukatangaziwa kwamba ndege yetu imepata hitilafu na italetwa nyingine.

Iliyoletwa ilikuwa ya zamani. Wakati wa kununua tuliangalia ramani ya viti: kimoja dirishani, viwili katikati, kimoja dirishani, na vyote vinalala kabisa. Hii ilikuwa na viti viwili viwili, vya mtindo wa zamani ambao hata vikilala vinabaki mteremko, unajikuta unateleza kuelekea miguuni. Cha mama hakikulala hata kidogo. Mhudumu mmoja alipiga magoti akavuta mtambo wa mkono ulio chini ya kiti, na kikasogea kama upana wa viganja viwili kisha kikagoma. Nilimpa changu, lakini ule mteremko ulimsukumia uzito wote kwenye goti, akaomba arudi kukaa wima. Zaidi ya saa nane mama yangu alikaa na mto chini ya paja, ndani ya kiti tulichokilipia ili asikae. Chakula sikilaumu, na wahudumu walijitahidi kwa moyo.

Tuliondoka dakika 55 tukiwa tumechelewa. Nafasi yetu ya kubadilisha ndege ilikuwa saa 1 na dakika 25, kwa hiyo tulitua tukiwa na nusu saa. Ndege ikaegeshwa mbali na jengo, ya kushukwa kwa ngazi na kupanda basi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Hapa naomba usome polepole. Tulikuwa tumeomba kiti cha magurudumu, tena zaidi ya saa 48 kabla, kama sheria ya Ulaya inavyotaka. Nilitegemea litakuja lile lori lenye chumba kinachoinuliwa hadi mlangoni mwa ndege. Halikuja. Mfanyakazi aliyekuwa chini na karatasi aliniambia kwamba mama ameandikwa WCHR. Mimi sikujua hata hizo ni herufi za nini. Kumbe maombi ya kiti cha magurudumu yana viwango vyake: WCHR ni mtu asiyeweza mwendo mrefu lakini anapanda na kushuka ngazi mwenyewe, WCHS ni asiyeweza ngazi, na WCHC ni asiyeweza kutembea kabisa, anayebebwa hadi kwenye kiti chake. Wakala wetu wa tiketi hapa mjini aliandika ya kwanza. Hakutuuliza mama anaweza nini, na sisi hatukujua kwamba ni jambo la kuulizana.

Basi mama akashuka. Mguu mbaya kwanza, kisha mzima, kama alivyofundishwa kwenye mazoezi ya viungo, mkono mmoja kwenye chuma kilicholowa na mwingine begani kwangu. Abiria wa nyuma walisubiri mlangoni. Katikati alisimama akaniambia, "Mwanangu, waache wapite kwanza, naona haya." Hawangeweza kupita, ngazi ilikuwa nyembamba. Basi la abiria lilitungoja, na tulipofika jengoni kiti cha magurudumu kilichukua dakika 20 nyingine kutokea. Kisha ukaguzi wa mizigo ya mkononi upya. Tulipofika langoni, ndege ya Toronto ilikuwa imefungwa.

Tukapewa ya mchana, karibu saa 7 baadaye, daraja la kawaida, viti vya katikati. Hatukupewa la kuchagua. Dada yangu alipotupokea alimtazama mama akalia. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo.

Sasa yatakayokufaa. Ukiondoka Nairobi na shirika la Umoja wa Ulaya na safari yako inaishia huko, unalindwa na kanuni yao namba 261 ya mwaka 2004; lakini mwaka 2022 mahakama yao iliamua kwamba tiketi moja inayoanzia na kuishia nje ya Umoja huo, kama yetu ya Toronto au ya baba ya Boston, haimo hata ikipitia kwao. Kinachohesabiwa ni saa mliyofika mwisho wa safari. Safari ikizidi kilomita 3,500, ukichelewa kufika kwa saa 4 au zaidi, ni euro 600 kwa kila abiria, isipokuwa chanzo kiwe jambo lililo nje ya uwezo wao, na hitilafu ya kawaida ya ndege mahakama yao haiikubali kuwa jambo la namna hiyo. Ukishushwa daraja, kifungu cha 10 kinasema urudishiwe asilimia 75 ya bei ya kipande hicho cha safari, kikizidi kilomita 3,500. Sisi walitupatia kwanza pointi za kusafiria, halafu tofauti ya nauli, ambayo kwa hesabu yao ilikuwa kidogo mno. Nilikataa kwa barua, nikataja kifungu, nikaambatisha kadi zote nne za kupandia ndege. Vocha pia si lazima uikubali. Fidia hutolewa kwa pesa isipokuwa utie sahihi mwenyewe kukubali vingine. Walilipa baada ya miezi minne, ingawa kwa uamuzi ule wa mahakama hawakulazimika, kwa hiyo usilitegemee hilo. Kwa kile kiti kilichogoma hawakulipa chochote, kwa sababu kiti kibovu ndani ya daraja lile lile hakihesabiwi kuwa kushushwa daraja. Hilo bado linaniuma kuliko yote.

Ukipitia nchi za Ghuba na mashirika ya huko, kanuni hiyo pia haikuhusu. Unabaki na Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege, ambao Kenya imo, na humo ni lazima uonyeshe hasara uliyoipata.

Kwa hiyo, kwa baba, mimi ningefanya hivi. Kwanza ningetazama ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018. Ni takriban saa 15 na ni nyingi kwa goti, lakini anapanda mara moja na kushuka mara moja, na kaka yako anaweza kumfuata kwa gari, mwendo wa kama saa nne. Kama hizo pesa mnazo, ziwekeni kwenye kitanda cha safari hiyo. Ikiwa ni lazima mpitie Ulaya, tafuta saa 3 hadi 4 za kubadilisha ndege, hata kama itabidi apande daraja la kawaida kwenye kiti cha njiani. Usimpangie kulala usiku hapo: bila viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hatoki eneo la abiria wanaopita, na hoteli nyingi ziko nje yake. Mzee wa miaka 74 kulala kwenye viti vya chuma sitaki hata kuwaza.

Na leo, kabla hujalipa, mpigie wakala umwombe akusomee herufi zilizoandikwa kwenye maombi ya kiti cha magurudumu cha baba. Akisoma WCHR na baba hawezi ngazi, abadilishe iwe WCHS ukiwa bado kwenye simu, kisha akutumie tiketi mpya uione kwa macho yako.